Kitabu cha Mwisho cha Injini wa Sodor: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu The Railway Series, vitabu vidogo vya watoto kutoka Uingereza vyenye injini wanaosema wa Sodor, kisiwa cha kubuniwa: Thomas, Percy, Toby, Gordon na wenzao. Wengi huuliza kuhusu mwisho wa mfululizo, kwa sababu mwisho wenyewe umetokea zaidi ya mara moja.

Kitabu cha mwisho ni kipi hasa?

Kwa hesabu ya namba, ni cha 42, Thomas and his Friends, kilichotoka mwaka 2011. Mwandishi ni Christopher Awdry na mchoraji ni Clive Spong. Mwaka huo ulitimiza miaka 100 tangu kuzaliwa kwa baba yake, Kasisi Wilbert Awdry, aliyeanzisha mfululizo huu.

Lakini mtu akikuambia kitabu cha mwisho ni Tramway Engines cha mwaka 1972, naye hajakosea. Hicho ni cha 26, na ndicho cha mwisho kuandikwa na Wilbert mwenyewe. Wapo pia wanaotaja New Little Engine cha mwaka 1996, ambacho ni cha 40, kwa kuwa baada yake vitabu vilikatika kwa miaka 11. Kwa hiyo ukiulizwa na mtoto, au ukiagiza dukani, taja namba na mwaka. Neno "cha mwisho" peke yake halitoshi.

Kwa nini mwisho umetokea mara tatu?

Wilbert alianza na The Three Railway Engines mwaka 1945, hadithi zilizotokana na zile alizomsimulia mwanawe Christopher alipokuwa kitandani anaugua surua. Cha pili kilitoka 1946. Kuanzia 1948 hadi 1970 kila mwaka ulikuwa na kitabu chake, bila kuruka hata mmoja. Mwaka 1971 haukuwa na kitabu, na cha 1972 kikawa cha kuagia. Sababu si ugomvi wala kukosa wasomaji. Wilbert alijiwekea sharti gumu: kila kisa kiwe ni jambo ambalo lingeweza kutokea kwenye reli ya kweli, na mara nyingi kiwe kimeshatokea mahali fulani. Visa vya namna hiyo vina mwisho wake, na baada ya vitabu 26 vyenye hadithi nne nne alikuwa amevichota sana.

Christopher alishika kalamu mwaka 1983 kwa Really Useful Engines, akaandika vitabu 14 hadi 1996. Mchapishaji alikuwa akitaka jina la Thomas lionekane kwenye majalada, na hilo linaonekana wazi katika orodha. Thomas Comes Home cha mwaka 1992 ni mfano mzuri: Thomas yuko safarini, hadithi zinahusu waliobaki nyumbani, na yeye anarudi mwishoni tu. Baada ya 1996 kukawa kimya hadi Thomas and Victoria mwaka 2007, kisha cha 42 mwaka 2011.

Kama nina nafasi ya kitabu kimoja tu cha mwisho, nichukue kipi?

Chukua Tramway Engines. Cha 42 kinamfaa anayekamilisha mkusanyo. Cha 26 kinamfaa yeyote, kwa sababu ni kazi ya mtu aliyekwisha kuijua reli yake kwa kila taruma, yaani kila gogo linaloshikilia reli. Hakuna hotuba ya kuaga na hakuna anayelia stesheni. Kuna makosa manne ya kazi na jinsi yalivyorekebishwa, basi, na hilo ndilo lililoufanya mfululizo wote kuwa na maana.

Hadithi nne za Tramway Engines ni zipi?

Ghost Train: Percy anasimulia kisa cha garimoshi la mzimu, Thomas anamcheka. Baadaye Percy anagonga mkokoteni wa chokaa uliokuwa kwenye makutano ya reli na barabara, anageuka mweupe kuanzia juu hadi chini, na Toby anaitumia nafasi hiyo kumtia Thomas hofu.

Woolly Bear: Thomas anamfananisha Percy na kiwavi wa kijani. Percy anaparamia mzigo wa molasi, halafu nyasi kavu zinamganda mwili mzima.

Mavis: injini mpya wa dizeli wa machimbo ya mawe hataki kushauriwa na Toby jinsi ya kupanga mabehewa. Anakwama.

Toby's Tightrope: Mavis anafanya mpango na mabehewa ili aruhusiwe kwenda mbali zaidi na machimbo. Mpango unamwangukia Toby, ambaye anasukumwa hadi kwenye daraja lililobomolewa na mafuriko.

Mabehewa yanawezaje kumsukuma injini? Si injini ndiye mwenye nguvu?

Swali hili huulizwa sana, na jibu lake ndilo ufunguo wa nusu ya hadithi za mfululizo.

Mabehewa ya mawe na makaa ya Uingereza ya wakati ule hayakuwa na breki inayodhibitiwa na dereva. Yaliunganishwa kwa mnyororo wa pete tatu, uliolegea. Kila behewa lilikuwa na vizuia-mgongano viwili vyenye springi kila upande. Injini akivuta, minyororo inakazika mmoja baada ya mwingine. Injini akifunga breki, mabehewa hayajui: yanaendelea na mwendo wao, la kwanza linamgonga injini mgongoni, la pili linaligonga la kwanza, hivyo hivyo hadi nyuma. Treni ya mabehewa 20 ya mawe ina uzito mkubwa mara nyingi kuliko injini mdogo anayeivuta. Kwenye mteremko, breki za injini na za behewa la gadi, yaani msimamizi wa treni anayekaa nyuma, pekee haziwezi kuushika uzito huo.

Ndiyo maana kulikuwa na utaratibu. Kabla ya mteremko treni inasimama kabisa. Gadi anatembea kando ya treni, na kwa kila behewa lililopangwa anasukuma chini mkono mrefu wa breki ulio ubavuni, kisha anaufunga kwa pini kwenye tundu la chuma. Dereva anavuta polepole, akisikiliza kama mzigo umeshikwa vya kutosha. Breki zikiwa chache mno, mzigo unamshinda. Zikiwa nyingi mno, treni haisogei. Chini ya mteremko treni inasimama tena, na kila mkono unainuliwa. Ukisahauliwa mmoja, magurudumu yanaburuzwa badala ya kuviringika, yanapata moto na kuchongeka upande mmoja. Behewa hilo litagonga-gonga reli hadi litakapopelekwa karakana.

Ukijua hayo, mabehewa watukutu wa Sodor hawatakuonekania uchawi wa hadithi. Wilbert alichukua tabia halisi ya mzigo uliolegea akaipa sauti.

Na Toby anabakije juu ya daraja ambalo halipo?

Reli ndefu haijakatwa kila penye taruma. Vipande vyake vimeungwa kwa bamba za chuma pande mbili na kukazwa kwa bolti. Maji yakichimba msingi wa daraja, mawe yanaanguka, lakini vyuma vya reli vinaweza kubaki vikining'inia huku mataruma yakiwa bado yameshikamana navyo. Injini wa aina ya Toby alikuwa na uzito wa tani 27 hivi, mwepesi kwa garimoshi. Reli zinapinda bila kukatika mara moja. Njia ya kumtoa ni moja tu: avutwe kurudi alikotoka, taratibu, bila kushtua, na anayemvuta asifike kwenye sehemu isiyo na msingi. Mavis anaifanya kazi hiyo, kisha anakiri kosa lake kwa meneja wa reli, Sir Topham Hatt. Katika vitabu hivi kukiri ndiko kunakomrudishia injini heshima yake, na hapa kumeandikwa kwa maneno machache sana.

Kwa nini Mavis alikwama kwenye makutano ya reli na barabara? Dizeli si ana nguvu?

Nguvu anayo. Alichokosa ni mshiko. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linashika kwa sehemu ndogo tu, na asubuhi yenye sakitu, yaani umande ulioganda, sehemu hiyo inateleza. Dereva mzoefu hasimamishi mzigo mzito mahali pa namna hiyo, kwa sababu kuuondoa kutoka kusimama kunahitaji mshiko mwingi kuliko kuuendeleza ukiwa katika mwendo. Mavis alisimama. Alipotaka kuondoka, magurudumu yalizunguka bure. Dawa ya kawaida ni mchanga mkavu unaomwagwa mbele ya magurudumu, na ukishindikana, kupunguza mzigo au kuleta msaada. Toby alimwonya mapema kwa kuwa aliijua njia ile. Hapo ujuzi wa mzee ulizidi nguvu za injini.

Kwa nini Toby na Mavis wamefunikwa magurudumu?

Kwa sababu wanapita kando ya barabara, na pengine juu yake. Uingereza ilitaka injini za njia za namna hiyo ziwe na bamba za kufunika magurudumu na chuma cha mbele cha kusukuma mnyama asiingie chini. Mwaka 1952, katika Toby the Tram Engine, Thomas anapata matatizo na askari polisi kwa kukosa vitu hivyo, na hiyo ndiyo sababu Toby analetwa Sodor.

Toby mwenyewe ni wa aina iliyojulikana kama J70, kazi ya mhandisi James Holden. Zilijengwa 12 kati ya 1903 na 1921, nyingi zikafanya kazi kwenye reli ya Wisbech na Upwell, mashariki mwa Uingereza, iliyobeba matunda na mboga. Wilbert alikuwa kasisi wa Emneth, jirani na reli hiyo, kuanzia 1953. Injini wa kwanza wa aina hiyo alikuwa amemwona kabla, huko Great Yarmouth. Mwaka 1952 dizeli za kampuni ya Drewry zenye bamba kama hizo zilichukua nafasi ya injini za mvuke pale, na Mavis ndiye sura ya dizeli hizo. Kwa hiyo Mavis na Toby kubishana juu ya kazi moja ni historia ya reli ile ile. Hakuna J70 hata moja iliyohifadhiwa.

Thomas naye alitokana na injini wa kweli?

Umbo lake lilitokana na aina ya E2 ya reli ya London, Brighton na South Coast. Zilijengwa 10 kati ya 1913 na 1916, na Thomas anafanana na zile tano za pili, zenye matangi ya maji yaliyorefushwa mbele. Zote zilivunjwa kuwa vyuma chakavu kabla ya mwisho wa 1963. Ukimwona "Thomas" akitembea leo kwenye reli ya watalii, ni injini nyingine aliyepakwa rangi na kuwekewa uso.

Kisiwa cha Sodor kiko wapi?

Hakipo baharini, lakini kina mahali pake kwenye ramani. Kanisa la Anglikana lina dayosisi iitwayo Sodor na Man. Kisiwa cha Man kipo, Sodor hakikuwa na kisiwa chake. Wilbert alikiweka kati ya Man na Barrow-in-Furness, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na pamoja na nduguye George akakitungia milima, mito, ukoo wa watawala na ratiba za treni. Kazi hiyo ilichapwa mwaka 1987 kwa jina The Island of Sodor. Kwa mtu mzima aliyemaliza vitabu vyote, hicho ndicho cha kufuata.

Nisome vipi kabla ya cha 26 ili nielewe?

Huhitaji vyote 25. Vitatu vinatosha: cha 5, Troublesome Engines, ambamo Percy anafika, cha 7, Toby the Tram Engine, na cha 16, Branch Line Engines cha mwaka 1961, kinachomleta Daisy, dizeli wa abiria anayemtia Mavis kiburi. Wenye muda waongeze cha 11, Percy the Small Engine.

Wachoraji walibadilika mara ngapi?

William Middleton alichora cha kwanza, na picha zake baadaye zikabadilishwa na za C. Reginald Dalby. Reginald Payne alichora cha pili na kumpa Thomas umbo tunalolijua. Dalby aliendelea kutoka cha 3 hadi cha 11. Rangi zake zinavutia sana, lakini Wilbert alilalamika kuwa injini hawafanani kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. John Kenney alifuata hadi cha 17, kwa mkono makini zaidi. Gunvor na Peter Edwards walichora cha 18 hadi cha 26, kwa hiyo picha za Tramway Engines ni zao: mistari ya haraka, hali ya hewa inayoonekana, matope yanayoonekana kuwa matope. Kuanzia cha 27 hadi 42 ni Clive Spong peke yake.

Nikinunua nakala iliyotumika nikague nini?

Kwanza umbo. Vitabu vya asili ni vidogo, vipana kuliko urefu wake, maandishi kushoto na picha kulia. Kikubwa chenye picha za filamu ni kitabu kingine kilichotokana na televisheni, hata kama jalada linataja Awdry.

Pili jina la mchapishaji. Edmund Ward ni wa miaka ya mwanzo; Tramway Engines cha 1972 kilitolewa na Kaye & Ward; baadaye utakuta Heinemann, kisha Egmont. Fungua ukurasa wa haki za uchapishaji usome mwaka wa toleo ulilonalo mkononi, kwa sababu vitabu hivi vilirudiwa mara nyingi na muuzaji anaweza kutaja mwaka wa kwanza tu.

Tatu hesabu kurasa za picha. Watoto huzichana. Na kagua mgongo: vitabu vidogo vinavyofunguliwa sana huachia kurasa za katikati kwanza.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kitabu kimoja kikubwa kiitwacho Complete Collection. Jina lake linaahidi mfululizo mzima, lakini ndani mna vitabu 26 vya Wilbert tu. Kinamtosha anayetaka Tramway Engines. Anayetaka cha 42 hatakipata humo.

Ni kweli toleo la zamani lina neno la kuwatusi watu weusi?

Ni kweli. Liko katika cha 6, Henry the Green Engine cha mwaka 1951, katika hadithi ya Henry's Sneeze, ambapo wavulana waliomwagiwa masizi walifananishwa na watu weusi kwa neno la matusi. Baada ya malalamiko, mwaka 1972 sentensi ilibadilishwa ikawa weusi kama masizi. Mzazi au mwalimu anayenunua nakala ya zamani ya kitabu hicho aifungue hadithi hiyo kabla ya kuisoma mbele ya watoto. Tramway Engines hakina shida hiyo.

Hadithi hizi si ndizo zile za televisheni?

Zote nne za Tramway Engines ziliigizwa, mbili katika mfululizo wa pili na mbili katika wa tatu wa kipindi kilichoanza 1984. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda televisheni ilijitungia visa vyake, na sharti la Wilbert la ukweli wa reli likaachwa. Mtoto anayemjua Thomas kwa skrini anaweza kushangaa kuwa kitabuni injini hawaendi popote bila dereva na mtia makaa.

Nitawasomeaje watoto kwa Kiswahili?

Soma hadithi moja kwa siku, si kitabu kizima. Pitia kwanza mwenyewe na uamue maneno matano au sita ya kazi: injini, behewa, gadi, mtia makaa, stesheni, taruma. Yashike hayo hayo hadi mwisho, kwa kuwa mtoto akisikia leo "behewa" na kesho "gari" atadhani ni vitu viwili. Injini wanaosema wapewe ngeli ya watu: Toby anasukumwa, Mavis amekwama. Ukisema "injini imekwama" katikati ya hadithi, mhusika anageuka chuma ghafla. Majina yao yaache yalivyo. Milio ya mabehewa na moshi itungie sauti za kwenu, ila usibadilishe mpangilio wa ajali, kwa sababu kila hatua ina sababu yake.

Afrika Mashariki mtoto anaweza kuona wapi injini wa mvuke wa kweli?

Makumbusho ya Reli ya Nairobi, karibu na stesheni kuu, yanaye namba 5918, Mount Gelai, wa aina ya 59. Injini 34 za aina hiyo zilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa reli ya geji ya mita moja, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ana uzito wa tani 252 hivi, zaidi ya mara tisa ya uzito wa Toby. Mwonyeshe mtoto vitu vitatu: boila iko katikati huku magurudumu yakiwa makundi mawili mbele na nyuma, ili jitu hili lipinde kwenye kona; alichoma mafuta, si makaa, hivyo hatakuta koleo; na viunganishi vyake si ile minyororo ya pete tatu iliyomponza Toby.